Kiwanja Kifungwe

Siku Diwani Nyamai alipofanya baraza mtaani Ujirani, watu walimwomba mambo chungu nzima, na katika yote hayo alitimiza moja tu. Laiti asingelitimiza hata hilo.

Ujirani ni mtaa mdogo wa Nairobi uliobanwa kati ya Mowlem na Kariobangi: nyumba za jiji zilizopangwa kwa safu, kila safu na bomba lake la maji na ugomvi wake wa foleni. Mbele ya safu ya mwisho palikuwa na kiwanja. Usidhani nasema bustani yenye viti na maua. Kilikuwa vumbi jua likiwaka na tope mvua ikinyesha, na nyasi zake chache ziliota pembeni kabisa, mahali ambapo miguu ya watoto haikufika. Hata hivyo mtaa mzima uliishi juu yake. Jumapili kwaya mbili zilifanya mazoezi hapo, ya watu wa Machakos upande huu na ya watu wa magharibi upande ule, kila moja ikijitahidi kuizima nyingine kwa jina la Bwana. Harusi zilifanyiwa hapo, na hema za matanga zikasimikwa hapo hapo. Lakini jioni kiwanja kilikuwa cha watoto, na hakuna mtu mzima aliyebishana nao.

Ng'ambo ya kiwanja ilipita barabara ya lami. Foleni ikizidi, malori ya mawe yaliiacha lami yakakata katikati ya kiwanja ili yatokee mbele. Watu walilalamika, wakapanga mawe, na madereva wakashuka, wakayaondoa mawe, wakapita. Ndivyo lori lilivyomwua Makokha, mtoto wa kwanza wa Khavere, mama muuza mboga, mwezi wa kwanza wa mwaka wa tisini na sita, shule zilipokuwa zimefunguliwa tu.

Makokha alikuwa na mazoea ya kujitangaza mwenyewe akicheza, kama watangazaji wa mpira redioni. "Makokha na mpira... anampiga chenga beki... anafunga... amefungaaa!" Majirani walikuwa wakimcheka. Khavere, akiwa kwenye meza yake ya sukuma wiki na nyanya mbele ya nyumba, alijua mchezo umefika wapi bila hata kuinua kichwa. Siku ile alisikia "anafunga", na lile la pili hakulisikia. Alipoinua kichwa aliona vumbi. Dereva alikuwa anakwepa foleni, na hakusimama.

Walimzika kijijini kwao Bwire, baba yake Makokha. Khavere aliporudi Nairobi, alikuta majirani wamepata taabu ya jina. Mwanamke mtaani huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza sasa alikuwa chini ya udongo. Wengi, kwa kumwonea huruma, walianza kumwita Mama Ayuma, kwa jina la binti yake mdogo. Walimaanisha wema, lakini kila alipoitwa hivyo alihisi Makokha anazikwa mara nyingine. Kamene peke yake, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa Kitui asiyejua kupindapinda mambo, ndiye aliyeendelea kumwita Mama Makokha kama zamani. Khavere alimpenda kwa hilo kuliko kwa chakula chote alicholetewa wakati wa msiba.

Tangu hapo hakulitamka tena neno "lori". Akisimulia alisema "kile kitu". Likipita barabarani alitazama chini mpaka mlio wake uishe.

Watu wa mtaa waliamua kwamba lazima jiji lisikie. Maingi, mwenyekiti wao, karani wa kampuni ya mizigo, mtu wa tai hata siku ya mapumziko, aliwaongoza kwenda mjini. Huko waliambiwa mwenye kushughulikia barabara yuko mkutanoni. Mwenye kushughulikia viwanja na bustani alikuwa amehamishwa. Mwenye kushughulikia taa alikuwepo, akawaambia hawezi kuweka taa mahali ambapo barabara na viwanja havijashughulikiwa. Walirudi tena, wakarudi tena, mpaka askari wa mlangoni akawa anawasalimu kwa majina. Mwishowe Diwani Nyamai mwenyewe, uchaguzi ukiwa unanukia, akatuma habari kwamba anakuja kuwasikiliza watu wake.

Baraza lilifanyiwa kwenye kiwanja chenyewe. Maingi alisema juu ya taa zilizokufa na vijana wanaovizia watu gizani. Kamene alisema juu ya mtaro wa maji taka uliopasuka nyuma ya nyumba yake, akaeleza harufu yake kwa ukamilifu hata msaidizi wa Diwani akafunika pua. Mwingine alisema juu ya mashimo ya mabomba ambayo vifuniko vyake viliibwa vikauzwa kama chuma kikuukuu. Diwani aliitikia kila jambo kwa kichwa. Alikuwa hodari sana wa kuitikia kwa kichwa.

Khavere hakuwa amepanga kusema chochote. Kamene ndiye aliyemsukuma kwa kiwiko.

"Simama, Mama Makokha. Wewe ukisema, atasikia."

Akasimama. Leso ilimteleza begani, akairudisha. "Mimi sina maneno mingi," alisema. "Kijana yangu alikufa hapa tu, hapo mheshimiwa amesimama. Mimi siitishi taa. Siitishi lami. Mimi nataka hii kiwanja ifungwe. Ifungwe kabisa. Sina ingine."

Alichotaka ni ua, malori yasipite. Lakini Kiswahili alichokuja nacho Nairobi kutoka Vihiga kilikuwa na neno moja kwa kazi hiyo. Kwao boma hufungwa, na shamba hufungwa ng'ombe wa jirani wasiingie, na likishafungwa wenyewe ndio wanaobaki ndani. Na kila mtu pale kiwanjani alimwelewa. Wanawake walilia, wanaume wakapiga makofi mazito. Diwani alitoa kitambaa akapangusa macho, na huenda yalikuwa machozi ya kweli, mimi simwamulii. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda Kiswahili cha redioni, alilichukua neno la Khavere akalinyoosha.

"Mmemsikia mama," alinguruma. "Kiwanja kifungwe! Wangapi wanasema kiwanja kifungwe?"

Mikono ikainuka kila upande. Hata watoto waliokaa chini mbele ya watu waliinua yao.

Ahadi za Diwani zilijulikana kuwa za kungojewa mpaka uchaguzi mwingine, lakini hii haikukawia. Mvua za masika zilipoanza kupungua, gari lilileta nguzo na mabati, nalo likashangiliwa kama bibi harusi. Mafundi walikuwa wachache, kwa hiyo mtaa ukajitolea. Wanaume waliorudi kutoka viwandani, waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka kule Mukuru kwa Njenga, walitua vikoti vyao wakashika sururu. Bwire alichimba mashimo ya nguzo, na kila shimo aliingiza mkono kuhakikisha kwamba lina kina cha kutosha.

Khavere aliwapikia uji. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza alijisikia ana kazi duniani. Kila bati lililopigwa misumari lilimpunguzia uzito moyoni, na usiku alimwambia Bwire kwamba angalau mtoto wa mtu mwingine hatakufa pale. Bwire alimshika mkono. Walikuwa hawajashikana mikono tangu mazishi.

Upande wa mtaa ulikuwa wa mwisho kuwekwa mabati. Khavere alikuwa amemletea fundi kikombe cha uji, akamwona anapima bati la mwisho kwenye pengo la mwisho.

"Fundi, mlango ya watoto utaweka wapi?"

Fundi alikunywa kwanza. "Mlango ni moja, mama. Ile ya kule barabarani."

"Sasa watoto watazunguka huko kote kwa lami ndio waingie?"

Fundi alitazama ndani ya kikombe. "Mama, mimi naambiwa bandika mabati hapa, nabandika." Alimrudishia kikombe kikiwa bado na uji, akageuka akachukua nyundo. Khavere alikitazama kikombe. Fundi anayeacha uji ana jambo.

Jambo lenyewe lilijulikana upesi. Kwenye lango la barabarani palifungwa kufuli kubwa, pakaletwa mlinzi mwenye rungu, na mwisho pakapachikwa kibao: MALI YA MTU BINAFSI. Chini yake, kwa rangi nyekundu: MBWA KALI. Mtu binafsi huyo hakuna aliyewahi kumwona. Mbwa walisikika.

Watoto, nao, ni watoto. Walizunguka ua mara kadhaa wakitafuta tundu, wakakosa, wakahamishia mchezo kwenye lami. Waliweka mawe mawili huku na mawili kule, na gari likitokea mmoja wao alipiga mluzi, wakatawanyika kando, likipita wakarudi. Maingi aliwafokea. Mutie, mwana wa Kamene, aliyekuwa akikaa dawati moja na Makokha, akamjibu kwa heshima kiasi alichoweza: "Sasa buda, tucheze wapi? Si hata sisi mlituambia tuinue mkono?" Maingi alirekebisha tai yake akaenda zake.

Walikwenda tena kwa Diwani, safari hii ofisini kwake, ghorofani karibu na soko la Kariobangi, mahali ambapo kelele za wapiga mabati wa jua kali zilikuwa zinaingia kwa dirisha. Aliwapokea vizuri mno. Aliwaagizia soda, na mtu aliyeshika soda ya mwenyeji hana nguvu za kugomba.

"Mheshimiwa," Maingi alianza, "kile kiwanja ni cha umma. Tulikuomba ukifunge kwa ajili ya malori."

"Kuna lori linaingia?"

"Hapana."

"Basi. Mliomba kifungwe, nimekifunga. Jiji halina pesa za mabati, watu wangu. Nimetafuta mtu wa maendeleo, ameweka ua kwa mfuko wake, naye lazima apate mahali pa kuendeleza. Mnajua mitaa mingapi inalilia maendeleo?" Kisha akamgeukia Khavere, sauti ikashuka ikawa laini. "Mama Ayuma, wewe ndiye ulisema. Ulisema au hukusema?"

Wote walimtazama. Chupa ya soda ilikuwa baridi mkononi mwake, na hakuwa ameinywa.

"Nilisema."

"Ulisema kifungwe nusu?"

"Nilisema kabisa. Lakini nilisema ifungiwe kile kitu. Sikusema ifungiwe watoto."

"Kitu gani, mama?"

Khavere alifungua mdomo. Neno lilifika kooni likakwama pale pale, kama lilivyokuwa likikwama siku zote. Diwani alingoja, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hukutaja kitu chochote siku ile, mama. Mtaa mzima ulikuwa pale. Ulisema kiwanja kifungwe, nikawauliza watu, wakainua mikono."

Nayo ilikuwa kweli. Hakulitaja lori. Kulitaja kungemvunja pale pale mbele za watu, ndiyo maana aliliruka, akifikiri kwamba kila mtu analiona. Waliteremka ngazi. Maingi alibeba soda yake nusu mpaka chini barabarani ndipo akakumbuka kurudisha chupa.

Tangu siku hiyo, Khavere alisikia mambo. Kwenye foleni ya maji mazungumzo yalikatika akitokea. Mtu mmoja alidai kwamba mama wa kutoka magharibi amelishwa kitu na Diwani, mwingine akatia chumvi, na kufikia mwisho wa juma Khavere alikuwa amejengewa nyumba ya mawe huko kwao, nyumba ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameiona. Kamene alimtetea. "Nyamai ni Mkamba kama mimi," aliwaambia wenzake, "na sijamsikia mtu akisema mimi nimelishwa. Mwacheni mama wa watu." Wakamwacha kwa midomo, wakaendelea kwa macho.

Halafu jioni moja mluzi ulichelewa.

Khavere alikuwa mezani kwake. Alisikia breki zikilia, kisha kishindo, na miguu yake ikaenda kabla akili haijaamua. Lori lilikuwa limepanda ukingo wa barabara na kugonga mabati ya ua. Mutie alikuwa amelala ubavu kando ya gurudumu la mbele, goti limechunika, mzima, akitazama tu mpira uliopasuka. Dereva alikuwa ameshuka, ameketi chini, ameshika kichwa. Kamene alifika mbio na mikono ya unga, akamwinua mwanawe, akampapasa kila mahali, akampiga kofi, akamkumbatia. Kisha akamwona Khavere.

"Ungenyamaza tu!" alipiga kelele. "Siku ile ungenyamaza tu, Mama Ayuma!"

Ni yeye aliyekuwa amemsukuma kwa kiwiko asimame, lakini mtu aliyeponea chupuchupu kumpoteza mtoto hakumbuki viwiko. Kati ya maneno yote ya jioni ile, yaliyomchoma hadi ndani ni yale mawili ya mwisho. Alirudi nyumbani akaketi kitandani, na Bwire aliporudi kazini alimkuta hapo, mboga bado ziko nje zinanyauka.

"Ni mimi nilifunga," alimwambia.

Bwire alivua viatu polepole. Si mtu wa maneno, na siku hiyo alitafuta sana kabla ya kupata. "Na mimi nilichimba mashimo," alisema.

Kesho yake, watoto walipotoka shule, Khavere alifunika nyanya zake kwa gunia. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na benchi refu, moja ya yale yaliyoazimwa wakati wa matanga ya Makokha, ambalo wenyewe hawakuja kulichukua na yeye hakuwa na moyo wa kulirudisha. Alilishika ncha moja akalikokota. Lilikwaruza kokoto njia nzima, kupita mbele ya milango, kuzunguka ua wote wa mabati, mpaka kwenye lami. Akaliweka katikati ya barabara, kukingama, akaketi juu yake na mikono mapajani.

Gari la kwanza kufika lilikuwa lori la mawe. Lilipiga honi kwa mbali, likapiga kwa karibu, likasimama. Khavere alikuwa anatazama chini. Alijilazimisha kuinua uso, akalitazama: taa zake, pua yake yenye vumbi, magurudumu. Hakuondoka. Utingo akashuka.

"Mathe, unatafuta kifo?"

"Nilishakipata," Khavere alisema. "Lori kama hii yenu ilinipatia. Sasa zungukeni kule kwa raundabauti kama watu wengine."

Neno lilikuwa limemtoka. Alilisikia mdomoni mwake mwenyewe, akashangaa kwamba mbingu hazikuanguka. Utingo alimtazama, akatazama benchi, akamtazama dereva. Nyuma yao honi zilianza. Tusi moja likarushwa, na jingine. Na katikati ya kelele hizo Khavere akasikia mkwaruzo wa kigoda kwenye lami. Kamene alikuwa amekuja nacho. Alikiweka kando ya benchi, akaona kwamba hakitoshi kuziba, akakiacha, akaketi kwenye benchi lenyewe, bega kwa bega na Khavere. Hakusema samahani. Alisema, "Jana sikuwa na akili zangu, Mama Makokha."

"Najua," alisema Khavere.

Dereva aliingiza gia ya kurudi nyuma.

Siku iliyofuata waliketi tena, na wanawake wengine wakaja na vigoda na madebe. Wengine walikuwa wale wale wa foleni ya maji. Maingi alileta kiti chake cha ofisi kutoka nyumbani, akaketi na tai yake, akawa anawaeleza madereva kwa lugha ya barua kwamba barabara hii imefungwa na wakazi, saa za jioni, kwa sababu zisizozuilika. Mapipa yaliwekwa upande wa pili. Nyuma ya benchi na mbele ya mapipa, lami ikawa ya watoto, na madereva wa mara kwa mara wakaanza kuzoea kuzunguka. Giza likikaribia, wakazi waliinua vitu vyao wakarudi kupika. Hakuna aliyewapangia zamu, na bado benchi halikukosa watu.

Diwani alivumilia mpaka alipopigiwa simu na wenye malori. Akaja jioni na Landrova ya polisi nyuma yake. Alishuka, akaona kwanza watoto wakicheza, halafu akina mama, halafu ua wake wa mabati ukiwa umebonyea pale ulipogongwa.

"Nani amefunga barabara?" aliuliza.

Watu wote walimwachia Khavere ajibu.

"Ni mimi," Khavere alisema. "Ni mimi Mama Makokha."

"Barabara ni ya umma, mama. Haifungwi."

"Hata kiwanja ilikuwa ya umma."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Diwani hakucheka. "Wewe mwenyewe ulisema kifungwe."

"Nilisema. Nilisema vibaya, na hii ndiyo nilitaka kusema." Akaonyesha benchi. "Hivi. Lori isiingie, watoto waingie. Fungua ile kiwanja, na mimi nitafungua hii barabara."

Diwani alimnong'oneza afande kisha akapanda gari lake, akakaa na kioo kimepandishwa. Afande alikuwa mtu mzima, mwenye tumbo na uchovu wa kazi ya siku nzima. Alikuja polepole akasimama mbele ya benchi.

"Mama, toka tu barabarani twende nyumbani wote. Usipotoka nitakubeba, na nikikubeba utafungwa."

"Nifungwe," alisema Khavere. "Lakini wacha kwanza watoto wamalize."

Afande alitazama nyuma ya benchi. Vijana walikuwa hawajaacha kucheza. Labda hawakuona, au waliona wakaamua kwamba mambo ya watu wazima hayaishi. Mutie, goti lake limefungwa kitambaa, alikuwa na mpira mpya wa karatasi za nailoni na kamba. Alimpita mmoja, akampita wa pili. Alikuwa anazungumza peke yake. Mwanzo Khavere hakuyapata maneno, kisha upepo ukamletea.

"Mutie na mpira... anampiga chenga beki... anafunga..."

Khavere alifumba macho. Mikono yake ilishika ukingo wa benchi.

"...amefungaaa!"

Ndipo alipolia. Hakuwa amelia hivyo kaburini wala siku ya baraza. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya Diwani na askari na madereva, na Kamene alimshika kiuno asianguke. Afande alivua kofia, akasimama ameishika, hajui aiweke wapi. Alingoja mpaka kilio kikatulia chenyewe.

Khavere alijifuta uso kwa leso. Akamwambia Kamene amchukue Ayuma kwa jirani, na Bwire akifika aambiwe chakula kiko chini ya sinia. Kisha akainuka.

"Sasa twende," alimwambia afande.

Alitembea mwenyewe mpaka kwenye Landrova, na afande akamfungulia mlango wa nyuma. Diwani aliwasha gari lake, akalisogeza mbele, tayari kupita. Lakini Kamene alikuwa hajatoka. Alikuwa amejisogeza katikati ya benchi, mahali Khavere alipokuwa ameketi, palipokuwa bado pana joto, na akina mama wengine wakaja kuketi upande huu na upande ule mpaka benchi likajaa.